Njia ya Kilwa na Thamani ya Mtu

Msafiri atokaye Kibiti leo kwenda kusini, akauvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hukutana uso kwa uso na watu asiowaona, maana karne moja na nusu iliyopita nchi hiyo ilikanyagwa na misafara ya watumwa waliotolewa Kilwa Kivinje kupelekwa kaskazini. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipokubali mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliokataza kusafirisha watumwa baharini na kuyafunga masoko yao, matajiri wa biashara hiyo hawakutubu. Waliacha majahazi, wakashika njia ya nchi kavu kupitia Rufiji hata Pangani. Krismasi ya mwaka huo, ilhali pale Mkunazini, Unguja, Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana ikiweka jiwe la msingi la kanisa katika uwanja uliokuwa soko la watumwa, Mwingereza Frederic Elton alikuwa pwani ya kusini akiihesabu misafara hiyo ikimpita, watu kwa maelfu. Njia hiyo ya bara haikupigwa marufuku ila mwaka 1876.

Kabla ya hapo watumwa walipitishwa kwa bahari, baina ya Mafia na delta ya Rufiji, mbele ya mikandaa ile ile iliyotoa boriti za kubebea dari za nyumba za mawe Unguja na Arabuni. Boriti ilikuwa bidhaa, na mtu alikuwa bidhaa. Naye alilipiwa ushuru wa forodha kwa kila kichwa.

Yapata mwaka 1865 alichukuliwa kwa bahari hiyo binti mdogo wa Kiyao, jina lake Swema. Mama yake, mjane aliyefilisiwa na njaa, alikopa nafaka akashindwa kulipa, na mdai akamtwaa mtoto badala ya deni, akamwuza kwa msafara uliokuwa ukipita. Mama akaufuata msafara kwa hiari yake, asitake kutengana na mwanawe, akafia njiani. Swema alifika Unguja hali yake taabani, akahesabiwa kuwa maiti, akafukiwa mchangani angali hai. Kijana mmoja aliyepita akasikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki.

Hapo ndipo mafundisho ya neema yalipomkuta, nayo kwa mtoto huyu hayakuwa maneno ya mimbarini tu. Aliyeuzwa kwa sababu ya vibaba vya nafaka aliambiwa kuwa yuko Mungu ampendaye pasipo kumdai kitu, na kabla hajaambiwa alikwisha kuokotwa na kuoshwa na watu wasiotarajia faida yoyote kwake. Kisha, kwa jinsi kisa kilivyoandikwa, aliletwa Mwarabu aliyejeruhiwa ili auguzwe, naye Swema akamtambua kuwa ni yule wa msafara aliyemwangamiza mama yake. Alishindana sana na moyo wake, akaomba msaada kwa Mungu, akamsamehe.

Aliyekiandika ni Padri Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu, na kitabu kilichapishwa Paris mwaka 1870 ili kuwagusa Wafaransa wenye mifuko. Kwa hiyo sitathubutu kusema kila neno lililomo ni la Swema. Wala dini ya yule majeruhi si hoja, madhali Uislamu nao huhesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo lenye thawabu kubwa. Ninaloliamini ni mpangilio wa kisa hicho: kwanza alithaminiwa, ndipo akadaiwa msamaha. Lau wangelianza kwa kumhimiza asamehe, ingelikuwa dhuluma ya pili.

Misheni zenyewe hazikuufuata mpangilio huo siku zote. Huko Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walikohamia mwaka 1868, waliokombolewa waliishi kwa amri ya kengele, wakilima mashamba ya wakombozi wao, na aghalabu shukrani ilitazamiwa kama riba.

Lakini yuko Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, aliyepewa upadri Unguja mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Tangu mwaka 1886 alikuwa Chitangali, kusini ya mbali, kati ya Wayao wenzake, taifa lililouza watu na kuuzwa, na aghalabu hakuwa na Mzungu karibu wa kumwongoza. Alifundisha, akabatiza, akakaa nao hata mwaka 1897, wauzaji na waliouzwa wakipiga magoti mbele ya meza moja.