Mita ya Spidi Inapodanganya

Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi wa mita ya spidi. Ukikaa leo ndani ya Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978, bado unatazama wazo lake. Kebo hutoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku. Sumaku haigusi kikombe cha alumini kilicho karibu nayo, ila inakivuta, na springi nyembamba inakizuia. Mshale unaonyesha nani anashinda.

Shida ni kwamba sumaku huchoka. Mshale unasema 80, kumbe uko 90, na trafiki hawaulizi umri wa gari.

Kabla fundi hajafungua dashibodi, linganisha na simu. Namba za kilomita huzungushwa na meno ya gia, si sumaku. Zikiwa sawa lakini mshale unakosea, mshuku sumaku au springi. Vyote vikikosea kwa kiwango kimoja, angalia tairi: zikiwa kubwa kuliko zile za kiwandani, mita husoma chini. Mshale ukirukaruka, anza na kebo. Hiyo ndiyo rahisi zaidi kubadilisha.