Alamut: Ngome, Mtawala na Mighani ya Mahasimu

Magofu ya Alamut yamo katika milima ya Alborz, kaskazini mwa Irani. Hasan-i Sabbah aliitwaa ngome hiyo mwaka wa 1090, akaifanya kitovu cha dola ya Waismailia, na akafariki humo mwaka wa 1124. Hata hivyo, katika fasihi ya Ulaya, Alamut hutajwa aghalabu kwa ajili ya mighani: kwamba Mzee wa Mlimani aliwalevya vijana kwa dawa, akawaamsha katika bustani waliyoidhania kuwa pepo, kisha akawatuma kuua kwa ahadi ya kurejeshwa humo.

Toleo mashuhuri la mighani hii ni la Marco Polo, aliyemsimulia Rustichello wa Pisa gerezani Genoa mwaka wa 1298. Tarehe zenyewe zinamkana. Polo alizaliwa mwaka wa 1254, ilhali Wamongolia wa Hulagu waliiteka Alamut mwaka wa 1256. Fauka ya hayo, lakabu ya Mzee wa Mlimani ilianzia kwa wapiganaji wa Vita vya Msalaba huko Shamu, waliompa Rashid al-Din Sinan, kiongozi wa Waismailia wa huko. Ilihamishiwa Uajemi baadaye. Dawa ya kulevya nayo ina asili yake katika tusi: mahasimu wao miongoni mwa Waislamu waliwaita hashishiyya kwa kuwadunisha, na wasimulizi wa Ulaya wakalichukua tusi hilo kuwa taarifa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa adui. Juvayni, mwanahistoria aliyemtumikia Hulagu, aliikagua ngome hiyo ilipoanguka. Alieleza maghala na matangi yaliyochongwa mwambani, lakini hakutaja bustani yoyote ya pepo, ingawa hakukosa sababu ya kuwaumbua Waismailia. Ni yeye vilevile anayesimulia kuwa Hasan aliamuru mwanawe auawe kwa kosa la kunywa mvinyo. Aliingia pia maktabani, akatenga misahafu na vitabu alivyoviona vya thamani, akavichoma vilivyoeleza itikadi yao.

Utamu wa mighani, basi, hautoshi kueleza uhai wake. Kwa karne nyingi ilikosa wa kuijibu, kwa kuwa vitabu ambavyo vingeijibu viliteketezwa. Waismailia wa Kinizari nao wangalipo, wakiwemo wale wa Mombasa na Nairobi. Kabla ya kuichambua mighani hiyo, mhakiki hana budi kubainisha imesimuliwa na nani, na dhidi ya nani.