Machakos: Ardhi iliyokatiwa tamaa

Kama umewahi kufika katikati ya jiji la Nairobi, basi huenda umepita Barabara ya Muindi Mbingu, ile iliyo mbele ya Soko la City, pale penye wauza maua na wauza nyama. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, wengi wao wakikimbilia matatu, na nadhani ni wachache mno waliowahi kujiuliza Muindi Mbingu alikuwa nani na alikuja Nairobi kufanya nini. Juma hili nataka tumrudie, kwa sababu kisa chake kinafungua mjadala ambao wasomi wa vyuo vikuu wameupigania kwa zaidi ya miaka 30: watu wa mashambani wakiongezeka, je, ni lazima ardhi yao ife?

Mnamo Julai 1938 maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto wao, walifunga safari kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60. Walipiga kambi mjini kwa majuma kadhaa, wakasema hawabanduki mpaka Gavana awasikilize. Kilichowatoa makwao ni ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekata shauri kwamba mifugo ya Ukambani imezidi kiasi, ikawa inaitwaa kwa nguvu na kuipiga mnada kwa bei ya kutupa. Na wakati huo huo kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kule Athi River, kiwanda kilichohitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Wakamba hawakuhitaji kusoma chuo kikuu ili kuunganisha mambo hayo mawili.

Muindi Mbingu, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na watu wake. Hata hivyo Serikali ndiyo iliyorudi nyuma. Uuzaji wa mifugo kwa lazima ulisimamishwa kabla ya mwaka kwisha. Tukumbuke kwamba askari wengi wa King's African Rifles na wa polisi walikuwa Wakamba, na vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuanza kunukia. Hakuna mtawala anayependa kugombana na jamii inayomjazia jeshi wakati kama huo.

Lakini Serikali ilikuwa na hoja gani? Mwaka mmoja kabla, yaani 1937, afisa wa kuhifadhi udongo aitwaye Colin Maher aliandika ripoti juu ya Machakos. Ripoti hiyo inatisha hata leo. Aliona vilima vilivyochunika, makorongo yaliyokata mashamba vipande vipande, na watu walio njiani kuelekea ufukara usio na matumaini. Sababu yake, kwa maoni yake, ilikuwa kwamba Wakamba na mifugo yao wamezaana kupita kiasi, kwa vile utawala wa Kiingereza ulikuwa umewaondolea vita na magonjwa yaliyokuwa yakiwapunguza zamani.

Maher hakuwa mwongo. Picha zilizopigwa mwaka huo huo wa 1937 zipo, na zinaonyesha ardhi iliyo kama kichwa cha mgonjwa wa mapunye. Alichopunguza uzito ni ile habari ya watu kufungiwa. Vilima vya Mua vilikuwa vimechukuliwa na masetla. Uwanda wa Yatta, ambako Wakamba walikuwa wakipeleka ng'ombe wakati wa kiangazi, ulikuwa umefanywa ardhi ya Serikali. Mfugaji aliyezoea kuhama na mvua akizungushiwa mpaka, halafu akalaumiwa kwamba ng'ombe wake wanakanyaga mahali pamoja, hapo ana haki ya kushangaa.

Sasa tuvuke miaka 50 na zaidi. Mapema miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya Overseas Development Institute ya London pamoja na wa Chuo Kikuu cha Nairobi walirudi Machakos. Walichukua zile picha za 1937, wakatafuta mahali pale pale mpiga picha aliposimama, wakapiga upya. Nilipokuwa nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, tulifundishwa kwamba picha moja ni habari, picha mbili ni ushahidi. Hawa walikuwa na ushahidi. Vilima vilivyokuwa mifupa mitupu vilikuwa vimevishwa matuta kutoka chini hadi juu, mashamba yamezungushiwa ua, na miti ni mingi kuliko zamani.

Mwaka 1994 wenzetu hao, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiingereza lina maana ya kwamba watu wamezidi na mmomonyoko umepungua. Wilaya ya Machakos, ambayo wakati wa utafiti ilikuwa bado pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu ya Maher, watu hao wangekuwa wamekwisha kula udongo na mawe. Badala yake, watafiti walikuta kwamba thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda karibu mara tatu.

Huko vyuoni kitabu hicho kilitua kama jiwe kwenye bati. Tangu Malthus, yule kasisi Mwingereza aliyeandika mwaka 1798, wengi walishika kwamba watu huongezeka kupita chakula, kisha njaa huja kusawazisha hesabu. Mwaka 1965 mwanamama wa Denmark, Ester Boserup, alisema kinyume: watu wakisongamana ndipo wanapobuni njia bora za kulima. Machakos ikawa shahidi wa Boserup.

Tuingie shambani, maana huko ndiko kwenye utamu. Baada ya vita vya pili vya dunia Serikali iliwalazimisha watu kuchimba mitaro, kwa siku maalumu, chini ya jicho la chifu. Mtaro uliopendwa na maofisa ulikuwa ule wa kutupa udongo upande wa chini. Ni rahisi kuchimba, kwa kuwa udongo hushuka wenyewe, lakini mvua kubwa huubomoa, na shamba linabaki na mteremko wake ule ule. Watu waliuchukia. Jirani zetu wa Tanganyika walipolazimishwa matuta kwenye milima ya Uluguru, mwaka 1955 zilizuka ghasia. Machakos nako, uhuru ulipokaribia, watu wengi waliacha mitaro ijifie, kwa maana ilinuka ukoloni.

Mtaro mwingine ni ule wa kutupa udongo upande wa juu. Unachimba kwa kufuata usawa wa kilima, halafu kila sepeto ya udongo unairusha juu ya mtaro, si chini. Mgongo unauma mara mbili. Lakini tuta linalotokea huzuia udongo unaoteremka na mvua, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe hujisawazisha likawa ngazi. Juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe. Ndani ya mtaro, maji yanaposimama, unapanda ndizi na mapapai. Mtaro huu unaitwa "fanya juu", na ule wa kwanza "fanya chini". Leo ukifungua vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo, hata vinavyoandikwa kwa ajili ya Ethiopia, utayakuta maneno hayo mawili ya Kiswahili yameandikwa vile vile. Tunaolalamika kwamba lugha yetu haina msamiati wa kitaalamu tungewauliza wakulima.

Jambo ambalo linanipendeza zaidi ni wakati yalipofanyika. Picha zilizopigwa kutoka ndegeni mwaka 1948, 1961 na 1978 zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya matuta ilichimbwa baada ya uhuru, wakati hakuna chifu wa kulazimisha wala mfadhili mkubwa wa kulipa. Mpango mkubwa wa wilaya uliogharimiwa na nchi za Ulaya ulianza mwaka 1978, watu wakiwa wamekwisha kulowa jasho. Kwa nini basi walichimba kwa hiari kile walichokikataa kwa kiboko? Sababu zilikutana. Ardhi ilianza kuwa ya mtu na mtoto wake, si ya kuogopa itatwaliwa kesho. Kahawa, ambayo Mwafrika wa Machakos aliruhusiwa kuilima katika miaka ya 1950, ilidai shamba lenye matuta na ikalipa. Kituo cha Katumani kilitoa mahindi yanayokomaa mapema, kabla mvua haijakimbia. Na Nairobi ilikuwa inakua hapo jirani, inataka mboga na matunda.

Na nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa mjini, jeshini, reli, viwandani. Waliobaki na jembe na sululu ni wanawake. Ukambani kuna desturi ya kale iitwayo mwethya, ambapo majirani na jamaa hukusanyika shambani kwa mmoja wao, wakamaliza kazi, wakala alichowapikia, kesho wakahamia kwa mwingine. Wakoloni waliitumia mwethya kwa manufaa yao; baada ya uhuru akina mama waliichukua ikawa yao. Kiangazi kikishika, kabla ya mvua za Novemba, walichimba kwa nyimbo kuanzia alfajiri mpaka jua lilipokuwa kali. Kila ninaposoma neno "ustahimilivu" kwenye ripoti za siku hizi, maana limekuwa neno la semina na chai ya saa nne, huwaona akina mama hao na viganja vyao.

Hapa ndipo sitaki tudanganyane. Kitabu cha 1994 kiliposifiwa sana, walijitokeza wasomi wengine wakauliza: nani hasa amestawi? Dianne Rocheleau na wenzake waliandika mwaka 1995 wakikumbusha historia ya kunyang'anywa ardhi na mzigo uliowaelemea wanawake na maskini. Msomi mwingine, John Murton, aliandika mwaka 1999 baada ya kuzichunguza nyumba moja moja, akaona kwamba wastani wa wilaya ulificha tofauti kubwa. Penye mtu mwenye mshahara mjini, palikuwa na pesa za kulipa vibarua, kununua mbolea, kununua hata kipande cha jirani aliyeshindwa. Asiye na mshahara alichimba kidogo, akavuna kidogo, na udongo wake ukazidi kuchoka.

Kwa hiyo hilo la kwamba watu wakiongezeka ardhi hupona si kanuni ya kwenda nayo popote. Machakos iko mlangoni mwa Nairobi. Mahali pasipo na soko wala ajira karibu, wingi wa watu unaweza kuwa wingi wa njaa tu. Hata Machakos yenyewe njaa haikwisha. Wakamba huzipa njaa zao majina. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, na mojawapo ya zile za mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa huku pesa ninazo mkononi. Jina hilo linaeleza kuliko jedwali: pesa za mjini zilikuwa zimefika kijijini, chakula cha kununua hakikuwapo.

Ninaogopa jambo moja katika sifa zote hizi. Mtawala akisikia kwamba wanakijiji walijiokoa bila msaada, ni rahisi aseme basi waendelee. Ukisoma utafiti wenyewe, unaona walijiokoa kwa vitu ambavyo vililetwa na watu wengine pia: mbegu ya kituo cha utafiti, barabara, bei ya kahawa, hati ya ardhi, na mshahara wa mume aliye mjini.

Mwisho wa mwezi nenda pale stendi ya Machakos Country Bus, ile ambayo watu wa Nairobi kwa mzaha huiita "Machakos Airport", utazame mizigo inayopakiwa. Siku hizi pesa nyingi hutangulia kwa simu, lakini bado kuna mbolea, mabati, na neti ya waya ya kufugia kuku. Kisha usiku simama kando ya barabara ya Mombasa uangalie malori yanayoingia mjini yamebeba mchanga. Unatoka kwenye mito mikavu ya Ukambani, unakuja kujenga maghorofa yetu. Mchanga huo ndio unaohifadhi maji chini kwa chini wakati wa kiangazi. Akina mama huufukua ili kuchota. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kudhibiti uchotaji wake. Ukinunua lori la mchanga, muulize dereva ametoka mto gani, na nani alimruhusu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.