Usafishaji wa sakafu ya vigae

Usafishaji wa sakafu ya vigae ni kazi ya kuondoa mchanga, vumbi na madoa kwenye sakafu iliyotandikwa vigae bila kuikwaruza. Hufanywa kwa ufagio na dekio, au kwa kifyonza vumbi, yaani mashine ya umeme inayovuta vumbi kwa nguvu ya hewa. Jambo la msingi katika kazi hii ni mpangilio: mchanga huondolewa kwanza ungali mkavu, ndipo sakafu hupigwa deki. Mpangilio huo ukigeuzwa, mchanga huburuzwa juu ya vigae na kuacha mikwaruzo isiyofutika.

Jina na aina za vigae

Kigae katika Kiswahili ni pia kipande cha chungu kilichovunjika. Vigae vya sakafu hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto kali. Nchini Tanzania viko viwanda vya vigae Mkuranga na Chalinze, katika Mkoa wa Pwani.

Watu wengi nchini huviita vigae hivyo "marumaru", ingawa marumaru halisi ni jiwe la asili linalochimbwa ardhini. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa msafishaji, kwa sababu kila aina ya sakafu ina uwezo wake wa kuhimili msuguano:

* Vigae vya glezi vina tabaka jembamba la kung'aa, linalofanana na kioo, juu ya mwili wa udongo. Tabaka hilo likichubuka, udongo wa chini huonekana na kushika uchafu.
* Vigae vya kaure ni vizito na vigumu zaidi. Hunyonya maji kidogo sana, yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake.
* Marumaru halisi ni laini kuliko vyote hivyo, na huliwa na siki, maji ya limau na asidi nyingine.
* Terazo ni vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji kisha kusuguliwa hadi ving'ae.

Vigae vilivyong'arishwa sana huonyesha mikwaruzo upesi kuliko vile visivyong'aa, hata kama ugumu wake ni sawa.

Chanzo cha mikwaruzo

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Ujerumani, Friedrich Mohs, alitoa kipimo cha ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10. Kanuni yake ni rahisi: kitu kigumu hukwaruza kilicho laini kuliko chenyewe. Ulanga una ugumu wa 1 na almasi 10. Marumaru halisi ina takriban 3, kioo cha kawaida 5.5, na kwazi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, ina 7.

Kwa hiyo adui wa kwanza wa kigae cha glezi si ufagio wala mashine. Ni chembe ya mchanga iliyo kati ya kigae na kitu kinachoisugua: kiatu, mguu wa kiti, dekio au gurudumu. Vigae vya kaure huhimili zaidi, lakini vikisuguliwa kwa mchanga mara nyingi navyo hupoteza mng'ao wake, hasa mlangoni na kwenye njia inayopitwa kila siku.

Katika vijiji vya Mkoa wa Ruvuma, kama vile Nalasi, nyua nyingi ni za udongo mtupu na mchanga huingia ndani kwa miguu. Wakati wa kiangazi huingia kama vumbi, na wakati wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, huingia kama tope ambalo hukauka na kuwa mchanga tena. Wilaya ya Tunduru ya mkoa huohuo ilijulikana duniani katika miaka ya 1990 kwa vito vinavyopatikana kwenye changarawe za mitoni, vikiwemo yakuti samawi. Jiwe hilo lina ugumu wa 9. Ni mfano wa kuonyesha kwamba udongo unaoonekana laini mkononi unaweza kuwa na chembe ngumu kuliko kigae chochote.

Uwezo wa kigae cha glezi kuhimili msuguano hupimwa maabara, kisha hupewa daraja kuanzia 0 hadi 5. Daraja la 5 hupewa kigae kisichoonyesha alama baada ya mizunguko 12,000 ya kusuguliwa kwa mashine. Vigae vya madaraja ya chini hufaa zaidi kwa kuta na bafu, si kwa mlango unaotoka moja kwa moja uani.

Kifyonza vumbi

Mwaka 1901 Hubert Cecil Booth wa Uingereza alibuni mashine kubwa ya kufyonza vumbi iliyokokotwa na farasi. Iliegeshwa nje ya nyumba na mipira yake kupitishwa madirishani. James Murray Spangler wa Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine ndogo ya kubebeka mwaka 1908, na haki zake zilinunuliwa na familia ya Hoover.

Mashine ya Spangler ilikuwa na brashi inayozunguka ili kuchokoa vumbi ndani ya zulia. Brashi ya namna hiyo ingali kwenye vifyonza vingi hadi leo, nayo haifai kwa vigae. Badala ya kuinua mchanga huurusha pembeni, na nywele zake ngumu huweza kuuburuza. Mashine nyingi zina kitufe cha kuizima, au huja na mdomo mwingine wa sakafu ngumu wenye nywele laini ukingoni.

Ndani ya mashine, feni hupunguza kanieneo ya hewa, na hewa ya nje huingia kwa kasi ikibeba vumbi hadi kwenye mfuko au chombo. Mfuko ukijaa au chujio likiziba, nguvu ya kuvuta hupungua na mchanga hubaki sakafuni, huku mdomo wa mashine ukiendelea kuusukuma.

Hatua za kazi

1. Vitu vizito, kama meza na viti, huinuliwa na si kuburuzwa. Mawe, misumari na vipande vya kioo huokotwa kwa mkono wenye glavu au kwa kizoleo.
2. Mdomo wa mashine hugeuzwa na kukaguliwa. Chembe zilizonasa kwenye nywele au magurudumu huondolewa. Mdomo ambao nywele zake zimekwisha hubadilishwa, kwa kuwa plastiki au chuma chake hugusa kigae moja kwa moja.
3. Brashi inayozunguka huzimwa.
4. Kazi huanzia pembe ya mbali na kuelekea mlangoni, polepole, bila kukandamiza.
5. Mistari ya grauti kati ya vigae hupitiwa kwa mdomo mwembamba, maana ndiyo inayohifadhi mchanga mwingi.
6. Baada ya hapo sakafu hupigwa deki kwa dekio safi na maji yenye sabuni kidogo. Maji yakichafuka hubadilishwa, kwa sababu mchanga hutuama chini ya ndoo na kurudi sakafuni pamoja na dekio.

Pasipo na mashine

Kifyonza cha wati 1,500 kikitumika dakika 20 hula nusu uniti ya umeme. Paneli ndogo ya jua ya wati 100 haiwezi kukiendesha. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi zenye vigae hutegemea ufagio, na matokeo yake huweza kuwa mazuri vilevile.

Fagio la chelewa hufaa uani, lakini ndani njiti zake husukuma mchanga bila kuuinua. Kwa vigae hutumiwa ufagio wa nywele laini, kwa mikono mifupi ya kuvuta, na taka huzolewa papo hapo badala ya kusukumwa chumba hadi chumba. Kitambaa chenye unyevu kidogo hupitishwa mwisho kuchukua vumbi lililobaki.

Kinga iliyo rahisi kuliko zote iko mlangoni. Kipangusio cha miguu nje na kingine ndani, pamoja na desturi ya kuvua viatu, huzuia mchanga kabla haujafika kwenye vigae. Vipangusio hukung'utwa nje mara kwa mara, la sivyo hugeuka ghala la mchanga. Chini ya miguu ya viti hubandikwa vipande vya zulia au kitambaa kizito.

Usalama

Kifyonza cha kawaida hakitumiki kuvuta maji. Maji yakifika kwenye mota huweza kusababisha shoti na kumpiga mtumiaji umeme, hasa akiwa peku juu ya sakafu yenye maji. Ni mashine zilizotengenezwa mahususi kwa maji pekee zinazofaa. Waya uliochubuka hautumiwi, na plagi hutolewa ukutani kabla ya kufungua mashine.

Majivu ya jiko la mkaa hayafyonzwi kwa mashine ya kawaida. Makaa huweza kubaki na moto ndani ya majivu kwa saa nyingi, na hewa ya feni huyapuliza ndani ya mfuko wa vumbi hadi yawake.

Vumbi linalotokana na kukata vigae lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Vumbi hilo halifagiliwi likiwa kavu, wala halifyonzwi kwa mashine yenye chujio la kawaida, kwani chembe zake nyembamba hupita na kurudi hewani. Hulowanishwa kwanza, kisha huzolewa.

Dawa ya klorini haichanganywi kamwe na asidi au siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Alama na mikwaruzo

Si kila mstari ni mkwaruzo. Sufuria au mguu wa kiti wa chuma ukiburuzwa juu ya kigae kigumu huweza kuacha mstari wa kijivu, ambao ni chuma kilichobaki juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, huenda ni alama tu, na mara nyingi huondoka kwa kusuguliwa taratibu kwa magadi ya kupikia yaliyoloweshwa. Magadi hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana.

Ukucha ukikwama, tabaka la juu limekatika. Kigae cha glezi kilichokatika hakirudi kama awali, hivyo hubadilishwa. Marumaru halisi na terazo huweza kusuguliwa upya na fundi, kwa kuwa jiwe lake ni lilelile kutoka juu hadi ndani. Mafundi wengi humshauri mwenye nyumba ahifadhi vigae vichache vilivyobaki baada ya ujenzi, kwa maana rangi ileile huenda isipatikane tena dukani.