M-Pesa ilipokuwa chombo cha kulipia mikopo midogo

Ukimwuliza Mkenya M-Pesa ilianza lini, atakuambia Machi 2007, kisha atakukumbusha lile tangazo la kutuma pesa nyumbani. Sawa. Lakini ndugu msomaji, programu yenyewe ilikuwa imefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, na haikuundwa kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Iliundwa ili watu walipe mikopo midogo.

Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, Uingereza. DFID, idara ya misaada ya serikali ya Uingereza, ilitoa karibu pauni milioni 1 na Vodafone nayo ikachangia. Susie Lonie akatumwa Nairobi kuusimamia mradi, na kampuni ya Sagentia ya Cambridge ikaandika programu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa mawakala 8 na wateja wasiofika 500, wote wakopaji wa Faulu Kenya. Pesa halisi ziliwekwa Commercial Bank of Africa.

Faulu ilikopesha kwa vikundi. Wanachama hukutana, kila mmoja hutoa malipo yake ya wiki, na asiyeweza kulipa hubebwa na wenzake waliomdhamini. Baadaye mtu hutembea na bahasha ya noti hadi benki. Simu ingeondoa bahasha hiyo, jambo jema kabisa.

Shida ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Mfumo wa M-Pesa na ule wa Faulu havikuzungumza, kwa hiyo malipo ya simu yalibidi kuoanishwa kwa mkono na vitabu vya mikopo. Sisi waandishi wa programu tunaijua kazi hii: inayoonekana na mteja humalizika mapema, kisha kuunganisha mifumo miwili kunakula miezi.

Shida ya pili haikuwa ya kompyuta, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Aliyekwisha kulipa kwa simu haoni haja ya kwenda mkutanoni. Na mkutano ule ndio uliokuwa dhamana ya mkopo! Wakopaji hawa hawakuweka hati ya shamba. Waliweka sura zao mbele ya majirani. Ukiwaruhusu walipie nyumbani, umeondoa kitu ambacho hakuna aliyekiandika katika orodha ya mahitaji ya programu.

Wateja wao walikuwa wamegundua mengine. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Wasafiri waliweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho. Mama mmoja alimtumia nauli mumewe aliyeporwa njiani. Safaricom ikasoma alama hizo, ikaweka kando habari ya mikopo, na tarehe 6 Machi 2007 ikazindua huduma ya kutumiana pesa. Faulu iliendelea na njia yake, na mwaka 2009 ikapewa leseni ya kupokea amana za umma.

Mikopo ilirudi kwenye simu Novemba 2012, kupitia M-Shwari ya Safaricom na benki ileile ya CBA. Safari hii hapakuwa na kikundi. Kompyuta ilitazama jinsi unavyotumia simu na M-Pesa, ikakupimia kiwango. Huduma nyingine nyingi zikafuata. Asiyelipa hakuwa na jirani wa kumtetea wala wa kumchangia: jina lake lilipelekwa kwa kampuni za CRB, hata kama deni ni la mia chache, na benki nyingine zikalikuta huko. Ilipofika Aprili 2020, Benki Kuu ya Kenya ilipiga marufuku kumworodhesha mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Katika kikundi cha mwaka 2005, deni la namna hiyo lingechangwa kabla mkutano haujafungwa.