Trekta Moja, Injini Mbili

Ingia duka la spea uombe gasketi ya hedi ya Massey Ferguson 35. Muuzaji anayejua kazi yake hatainuka kitini kwanza. Atakuuliza: ya silinda tatu au nne? Ukimjibu, "Ile nyekundu tu, ya zamani," basi safari imeanza vibaya. Rangi haisaidii. Jina la modeli pia halitoshi. Kinachotakiwa ni kujua kilichotokea Uingereza mwaka 1959.

Turudi nyuma kidogo. Trekta iliyobadilisha mashamba madogo ya dunia ilikuwa Ferguson TE20, ile ndogo ya kijivu. Ilitengenezwa Coventry, katika kiwanda cha Banner Lane, kuanzia 1946 hadi 1956, na zaidi ya 500,000 zilitoka pale. Akili yake ilikuwa ya Harry Ferguson, mtu wa Ireland aliyefunga jembe kwenye trekta kwa pointi tatu na kuliinua kwa haidroliki. Lakini kiwanda hakikuwa chake. Trekta zake zilikuwa zinaundwa na kampuni ya magari, Standard Motor Company.

Mwaka 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Kanada. Mwaka 1956 ikazaliwa Ferguson 35, na ya dizeli ilipewa injini ya Standard yenye silinda nne, inayoitwa 23C. Injini hiyo ilijipatia sifa mbaya ya kukataa kuwaka asubuhi ya baridi. Halafu mwaka 1959 Massey Ferguson wakanunua kampuni ya injini ya Perkins ya Peterborough, na mwaka huohuo wakachukua kiwanda cha Banner Lane kutoka kwa Standard. Baada ya hapo, 35 ya dizeli ikaanza kutoka na Perkins ya silinda tatu.

Kwa nje ni trekta ileile. Boneti ileile, kiti kilekile, matairi yaleyale. Ndani ni ndugu wa baba mbalimbali: hedi, pistoni, laina, gasketi, hata pampu ya dizeli, hakuna kinachoingiliana. Biashara iliyofanywa na wazungu kwenye ofisi zao ndiyo inayoamua, zaidi ya miaka sitini baadaye, kama nauli yako ya Kilifi hadi Mombasa imekwenda bure.

Sasa, huku pwani mashine kama hizi zina historia yake. Ukipita barabara kuu kutoka Mombasa, kuanzia Vipingo kupanda Kilifi, utaona mkonge. Vita vya Korea vilipoanza 1950, bei ya katani ilipaa, na mashamba makubwa ya Afrika Mashariki yakapata pesa za mashine. Miaka ya 1960 nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Bei ya zao ikianguka, spea mpya haiagizwi. Trekta moja inaegeshwa nyuma ya stoo, inatolewa kitu kimoja kimoja ili nyingine zitembee. Leo nozeli, kesho klachi, mwaka ujao injini nzima.

Ndiyo maana trekta kuukuu inaweza kuwa na mwili wa 1958 na moyo wa 1962. Mwenye mali atakuapia kwamba haijawahi kuguswa, na pengine anaamini kabisa. Muheshimu mzee, msikilize, halafu kaisome mashine mwenyewe.

Kuisoma si uchawi. Hesabu nozeli: tatu au nne, hapo injini umeshaijua. Tafuta kibati cha namba karibu na usukani, kisha tafuta namba ya injini kwenye bloku, kwa sababu hizo mbili zinaweza kuwa hazikuzaliwa pamoja. Kwangua rangi mahali palipofichika. Nyekundu ilianza mwishoni mwa 1957. Kabla ya hapo bati lilikuwa la kijivu na injini ilikuwa na rangi ya shaba. Ukikuta shaba chini ya nyekundu, unashika moja ya zile za mwanzo. Kibati hung'oka, kutu ya chumvi hula bati, lakini chuma kizito kilicholala ndani ya oili miaka yote hukaa na ushahidi wake.

Halafu kuna mtego wa bolti. Bolti nyingi za trekta hizi ni za inchi. Pikapu na malori ya Kijapani yaliyojaa barabara zetu ni ya milimita, kwa hiyo mkebe wa bolti wa gereji yoyote umejaa milimita. Bolti ya nusu inchi ina unene wa milimita 12.7. Chukua ya milimita 12, ijaribu: itaingia mizunguko michache, ikaze, udhani imeshika. Ongeza nguvu kwa spana na umeshakula meno ya tundu. Hapo tatizo la bolti moja limegeuka kazi ya kukereza chuma.

Spea zenyewe zinatoka wapi siku hizi? Banner Lane ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini ukoo haukufa. Millat ya Pakistan na TAFE ya India waliendelea kuunda trekta za familia ileile ya Massey, na Perkins ya silinda tatu ikaishi muda mrefu kuliko kiwanda cha kwao. Kwa hiyo vitu vya silinda tatu vinapatikana. Standard ya silinda nne ndiyo yatima. Hapo mtu anashawishika: si nitoe hii nne, niweke tatu, nilime?

Mimi simlaumu. Trekta ni ya kulima kabla ya kuwa ya kupigwa picha. Ila aandike alichobadilisha na lini, na kile cha zamani asikitupe, hata kama kimevunjika. Fundi wa kukereza anahitaji sampuli, na aliyevunjikiwa kama wewe anahitaji pa kupimia.

Eneo hili lina sababu ya kujali mambo haya. Mwaka 1914 Waingereza waliwafukuza Wagiriama kaskazini ya mto Sabaki, katika mapambano ambayo tunamkumbuka Mekatilili wa Menza kwayo. Miaka ya 1970 ardhi hiyohiyo ya kaskazini ya Sabaki ikawa mradi wa makazi wa Magarini, kwa pesa za Australia. Mashine zilifyeka msitu, visima vikatoa maji ya chumvi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafadhili wakaondoka. Australia walipata kitabu kizima cha kujifunza makosa yao, cha Porter, Allen na Thompson, kilichotoka 1991.

Tanganyika walikuwa wameyaona kabla. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, ulikusanya trekta za mabaki ya vita, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa trekta na kuitwa Shervick. Zikaharibika kwa wingi, spea hazipo, mafundi hawatoshi. Mwaka 1951 hadithi ilikwisha, na mamilioni ya pauni yakawa yamezama.

Miradi kama hiyo huondoka na makaratasi yake. Wanaobaki ni watu na vyuma. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima kwa kilo. Kwake kibati chenye namba ni gramu chache tu. Basi ukipita mahali ukaona trekta kuukuu chini ya mwembe, piga hodi, salimia wenyewe, omba ruhusa. Hesabu nozeli. Piga picha ya kibati. Uliza ililima shamba la nani, na nani alikuwa dereva. Usichelewe, maana aliyeiendesha naye amezeeka.