KOMPYUTA, MASOMO YA NG'AMBO NA KUJITEGEMEA: FUNZO LA TANGU 1965

Katika semina ya makada wa matawi iliyofanyika Namasakata, mkoani Ruvuma, tulikuwa tukieleza maana ya kujitegemea katika zama za sayansi na teknolojia. Mada ilikwenda vizuri na makofi yalipigwa. Kisha mzee mmoja, mkulima wa korosho, akainuka akauliza: "Ndugu mkufunzi, mjukuu wangu amepata chuo nchi ya nje, akasomee kompyuta. Ukoo umekaa, unataka kuuza shamba la mikorosho ili apate nauli na ada ya mwaka wa kwanza. Tuuze au tusiuze? Na akisharudi, atakuta nini hapa?"

Tulimjibu upesi. Tulisema elimu ni ufunguo wa maisha, na kwamba Taifa linahitaji wataalamu. Mzee akashukuru, akakaa. Lakini ilikuwa dhahiri kwa kila aliyekuwapo kwamba hakujibiwa. Kada anayeulizwa swali la shamba akajibu kwa kaulimbiu amelikwepa swali. Makala haya ni jaribio letu la kulipa deni hilo, na tunaliandika kwa ajili ya makada wenzetu na wanafunzi, kwa sababu swali la namna hiyo linaulizwa sasa katika kata nyingi.

Hatutaanza na kijana. Tutaanza na historia, maana Taifa zima liliwahi kukabiliwa na swali hilo hilo la mzee, na lililipa gharama kubwa kabla ya kupata jibu.

MTAMBO ULITANGULIA, MTU AKACHELEWA

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka minne. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilikuwa bado ni chuo kishiriki, kilichoanza Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wahandisi Waafrika walihesabika kwa vidole. Katika hali hiyo mtambo ulikuja ukiwa kamili: umeundwa nje, vipuri vyake viko nje, na maarifa ya kuuendesha yako katika vichwa vya wageni.

Matokeo yake yanajulikana. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulishindwa, na fedha zilizotumika hazikuleta manufaa yaliyokusudiwa. Hayo yalitokea wakati mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mno baada ya mwaka 1973, ukame ulituingiza katika kununua nafaka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kuzuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu.

Makada vijana wanaposoma habari za amri hiyo, mara nyingi hucheka, wakidhani wazee waliogopa maendeleo. Kicheko hicho ni cha mtu asiyechambua hali halisi. Mwaka huo huo, Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Taifa lenye kazi kubwa namna hiyo halikuwa na fedha za kigeni za kununulia mitambo ambayo lilikuwa halijaweza kuitumia. Kufunga mkoba kulikuwa ni haki.

Hata hivyo, kujikosoa ni silaha ya Chama, na lazima tuitumie. Tatizo la mwaka 1965 halikuwa mtambo peke yake. Lilikuwa ni ukosefu wa watu wenye kuuelewa. Amri ya 1974 ilizuia mtambo, lakini haikuwa na sehemu ya pili ya kuwatengeneza watu. Kijana aliyepata nafasi ya kusomea mitambo hiyo ng'ambo, iwe ni Uingereza, India au nchi za kijamaa za Ulaya, alirudi kwenye nchi iliyokuwa na kompyuta chache mno za kumpa kazi ya fani yake. Maarifa yasiyotumika huota kutu. Na mwenye maarifa asipopata kazi ya kuyatumia nyumbani, huyapeleka kwingine.

INDIA ILIFUNGA MLANGO, IKAACHA SHULE WAZI

Hapa inafaa tulinganishe na nchi nyingine iliyotawaliwa na Waingereza kama sisi. India nayo haikutaka kuwa soko la mitambo ya makampuni ya kibeberu. Iliweka ushuru mzito na masharti makali juu ya kompyuta kutoka nje, na mwaka 1978 kampuni kubwa ya Kimarekani ya IBM iliondoka nchini humo kuliko kukubali masharti ya Serikali juu ya umiliki wa hisa.

Lakini kabla ya kufunga mlango, India ilikuwa imekwisha kujenga shule. Ilianzisha vyuo vya teknolojia na kuyafanya mataifa makubwa yashindane kuvisaidia: cha Bombay, 1958, kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, cha Madras, 1959, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, cha Kanpur, kilichoanza pia 1959, kwa msaada wa Marekani, na cha Delhi, 1961, kwa msaada wa Uingereza. Mwaka 1963 chuo cha Kanpur kilipata kompyuta, na kazi yake ilikuwa ni kuwafundishia vijana. Mtambo uliwekwa darasani kabla haujatandaa maofisini.

Wahindi walipeleka vijana nje pia, na wengi hawakurudi. Hilo tusilifiche. Lakini aliyerudi alikuta darasa la kufundisha, maabara ya kufanyia kazi na wenzake wa kubishana nao. Baada ya miaka, wasomi wa vyuo hivyo wakawa ndio nguvu ya sekta nzima ya uchumi wa nchi yao.

Na sisi? Tulipata msaada wa Ujerumani Magharibi ule ule, na mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini idara inayojitegemea ya sayansi ya kompyuta tuliipata mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu robo karne baada ya mtambo wa kwanza kufika Wizara ya Fedha. Hapo ndipo penye kidonda. Robo karne ni kizazi kizima cha walimu ambao hawakuwapo.

HAZINA ILE ILE, SAFARI HII KWA MIKONO YETU

Historia haikuishia hapo. Masharti yalilegezwa katika miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, kikiwa na masomo ya kompyuta kwa kiwango ambacho nchi haikuwa nacho kabla. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa baharini ulifika Dar es Salaam. Polepole, waliosoma nje na waliosoma ndani wakaanza kukutana katika ofisi moja.

Tunda la kukutana huko linaonekana pale pale lilipotokea kosa la kwanza. Mwaka 2017 Serikali ilianza kukusanya malipo yake kwa mfumo wa kielektroniki wa GePG, ule unaompa mwananchi kumbukumbu namba kabla ya kulipa. Baadaye ukafuata mfumo wa ulipaji Serikalini, MUSE, uliochukua nafasi ya mfumo wa hesabu ulionunuliwa nje. Mifumo yote miwili iliundwa na wataalamu wa Kitanzania chini ya Wizara ya Fedha. Katika Wizara ile ile ambako mtambo wa wageni uliingia mwaka 1965, vijana wa Kitanzania sasa huandika programu wenyewe, na ikiharibika huitengeneza wenyewe bila kungoja barua kutoka Ulaya.

Kilichobadilika kati ya nyakati hizo mbili ni watu. Mtambo hununuliwa kwa siku moja; mtu wa kuuelewa hujengwa kwa kizazi. Hilo ndilo funzo letu, na kwa hilo sasa tunaweza kurudi Namasakata.

KUMJIBU MZEE

Kwanza, mzee asidhani kompyuta ni jambo la mijini. Tangu msimu wa 2024/2025, korosho za mikoa ya kusini zimeuzwa katika minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania. Mkulima anapalilia, anapulizia salfa, anaokota, anapeleka ghalani. Kisha bei ya jasho lake inapatikana ndani ya mtambo. Mkulima ana haki ya kuwa na mtoto wake miongoni mwa wanaojua kilichomo tumboni mwa mtambo huo. Kwa hiyo nia ya ukoo ni njema, wala si tamaa ya uzungu.

Pili, wako makada wanaosema kwenda ng'ambo ni kasumba. Hawa tuwakumbushe kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akarudi kufundisha Pugu, na mwaka 1954 akawa miongoni mwa walioasisi TANU. Kasumba haimo katika safari. Imo katika kwenda bila kujua unatumwa na nani. Mwalimu mwenyewe aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kukiletea kijiji chakula kutoka mbali. Wana Namasakata wakitaka kutoa mikorosho, mfano huo kwao si mfano tena.

Tatu, na hapa ndipo tulipopaswa kuanza siku ile: mikorosho isiuzwe. Mkorosho huzaa miaka mingi. Ada ya mwaka wa kwanza huliwa kwa mwaka mmoja, na mwaka wa pili utadai tena. Kijana akikwama katikati, ukoo utakuwa umepoteza shamba na shahada pia. Hali ya leo si ile ya 1974. Shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta inapatikana Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko nchini, na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa sehemu kubwa hukopesha wanaosoma vyuo vya ndani. Hata ng'ambo yenyewe imeanza kutufuata: chuo kile cha Madras, kilichojengwa kwa msaada wa Wajerumani, kilizindua tawi lake Zanzibar Novemba 2023, la kwanza nje ya India miongoni mwa vyuo vya namna yake, likianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba.

Kijana asome nyumbani kwanza. Ajue kwamba sayansi ya kompyuta siyo kupiga chapa wala kutengeneza simu. Ni hisabati, mantiki, uundaji wa programu, mitandao na ulinzi wa taarifa, na asiyependa hisabati atataabika popote aendapo. Akishakuwa na shahada na kazi mkononi, aende nje kwa shahada ya pili, kwa ufadhili, akiwa na tatizo la nchi yake analolitafutia dawa. Huyo atakuwa anajua anachokwenda kukichukua.

Nne, ikiwa amepata ufadhili kamili tangu mwanzo, aende, na aage kwa heshima. Lakini kabla ya kutoa senti kwa wakala yeyote, ukoo uulize Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa na kama wakala huyo amesajiliwa. Shahada isiyotambuliwa ni karatasi ghali.

WAJIBU WETU

Limebaki swali la mwisho la mzee: akirudi, atakuta nini? Swali hili halimhusu kijana. Linatuhusu sisi, kwa kuwa kijana anaweza kutimiza wajibu wake wote na bado akarudi kwenye mlango uliofungwa, kama walivyorudi baadhi ya waliomtangulia.

Kada wa tawi haamui bajeti ya Taifa, lakini hana sababu ya kukaa mikono mitupu. Tawi liwe na orodha ya watoto wake walioko vyuoni, ndani na nje, na liwaandikie. Wakija likizo, wapewe nafasi ya kufundisha hisabati katika sekondari ya kata. Chama cha ushirika kiwaonyeshe vitabu vyake na mizani yake, ili wajue matatizo ya mkulima kabla hawajajua ya wengine. Na katika vikao vya wilaya na mkoa, makada waulize bila woga: wataalamu wetu waliorudi wako wapi, na wamepewa kazi gani? Kijana akijua kwamba anangojewa, na kwamba kazi yake ina jina, njia ya kurudi huwa fupi.

Tutarudi Namasakata katika semina ijayo. Tutamwomba mzee asimame tena, na safari hii tutaanza na mikorosho yake.